Kurambaza ni nini, na kwanini mwendo wa boti unakuja kabla ya chambo

Kurambaza ni kuvua huku chombo kinatembea. Yani umeachia mshipi nyuma, mwisho wake pana chambo, chombo kinaenda na chambo kinafuata, samaki akikiona anadhani ni kisamaki kinakimbia anakirukia. Si lazima iwe boti kubwa ya kupeleka wageni, hata dau la tanga likitoka nje ya mwamba hapa Malindi na mtu ameachia mshipi mmoja nyuma wenye kipande cha samaki, huyo anarambaza.

Sasa vijana wanaoanza kazi ya boti swali lao la kwanza siku zote ni chambo gani kinavua, cha pinki au cha kijani, na mimi naona hapo ndo wanapotea. Anza na mwendo. Kila chambo cha bandia kimetengenezwa kwa mwendo wake, ukikitoa kwenye mwendo huo hakina maana hata kiwe cha bei gani. Vile visamaki vya plastiki vyenye ulimi mbele, ule ulimi ndo unavizamisha na kuvitikisa, ukivivuta kwa kasi sana vinapinduka vinaruka juu ya maji. Ngisi wa mpira ni kinyume chake, ukimvuta polepole ananing'inia tu kama kitambaa, anataka kasi ndo atoe mapovu na mikia icheze. Kwahivyo ukimtafuta nguru au tengesi karibu na mwamba unaenda polepole kidogo na visamaki vya plastiki (na usisahau waya, meno yale yanakata mshipi mara moja), ukimtafuta jodari unaongeza mwendo na ngisi wa mpira, na sulisuli mara nyingi ni kati ya noti 5 na 7 hivi (noti ndo kipimo cha mwendo wa chombo baharini).

Wageni wa Marekani wanaozoea kuvua samoni kwenye maziwa wanashangaa tukiwaambia noti 6, manake kwao huo ni mwendo wa kukimbia. Ziwa Michigan kwa mfano, samoni waliletwa kule kutoka upande wa Pasifiki, aina ya coho mwaka 1966 na chinook 1967, wapunguze visamaki vinaitwa alewife vilivyokuwa vimejaa kupita kiasi, na mpaka leo wanavuliwa kwa kurambaza kama sisi tu lakini mwendo wao ni kama noti 2 na nusu, kilomita 4 au 5 kwa saa. Chambo chao kikubwa ni kijiko, kibati chembamba kilichopinda ambacho kwa mwendo huo kinayumba huku na huku kikimetameta. Ukikivuta kwa mwendo wetu kinazunguka tu na kusokota mshipi.

Tofauti nyingine ni kina. Samoni anapenda maji baridi, nyuzi 10 mpaka 13 hivi, sasa wakati wa joto maji ya juu ya ziwa yakipata moto yeye anashuka chini, na chambo lazima kimfuate huko. Wanatumia chubwi nzito ya kilo 4 au 5 inayoshushwa kwa kamba yake ya waya, mshipi umebanwa kwenye kibanio pale pale kwenye chubwi, samaki akivuta mshipi unachomoka na anapigana na fimbo peke yake bila ule uzito. Sisi sulisuli tunamkuta juu juu, ndo maana vyambo vyetu vingi vinapita kwenye uso wa maji.

Kuna kitu kimoja watu wa huko na wa huku tunakifanya sawa, na ukijua hiki umejua nusu ya kurambaza: usiende moja kwa moja, pinda pinda. Boti ikikata kona mishipi ya upande wa nje inaongeza kasi, ya upande wa ndani inapunguza na vyambo vinavyozama vinashuka. Sa angalia samaki anapiga wapi. Akipiga upande wa nje mara mbili anakwambia ongeza mashine, akipiga ndani punguza. Chambo ni kile kile, rangi ile ile.

Na tafadhali usiiamini GPS peke yake. Ile inakwambia unavyokwenda juu ya ardhi, chambo kinavutwa ndani ya maji, na maji yenyewe yanatembea. GPS ikiandika 6 na unaenda na mkondo wa noti 2, chambo kinavutwa kwa 4, ukigeuza ukapanda mkondo na namba ikabaki 6 basi kinavutwa kwa 8. Ndo maana siku nyingine boti inapata ikishuka tu, ikipanda hakuna kitu, watu wanasema samaki wameondoka kumbe nahodha ameongeza mashine ili namba ya GPS ibaki ile ile. Mtazame ngisi wako nyuma, yeye ndo atakwambia.

Rangi ina kazi yake, sikatai. Nyekundu ndo ya kwanza kupotea ukishuka chini, na wale wa samoni alfajiri, mwanga ukiwa bado mdogo, wanatumia vijiko vinavyong'aa gizani. Huku kwetu Mto Sabaki ukijaa maji ya bahari yanakuwa ya udongo, nami hapo natafuta mpaka wa maji, pale hudhurungi inapokutana na buluu, narambaza upande wa buluu sambamba na mpaka, na membe wakiwa wanapiga mbizi hapo ndo napita ukingoni mwao, sipiti katikati nikawatawanyia visamaki.

Sulisuli akija kwenye chambo cha samaki halisi usimkaze papo hapo. Anakipiga kwanza kwa mdomo wake mrefu, kisha ndo anageuka kukimeza, kwahivyo achia rili (kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi) mshipi uende bure sekunde chache, ukiona sasa anaondoka nao kwa kasi ndo ufunge.