Mwendo kuoana na mdundo: maana yake kwa mnyonga baiskeli

Asubuhi kwenye barabara ya Sikonge, jua halijawa kali, utawakuta watu wakiingia Tabora mjini na madumu ya asali kwenye keria, redio ndogo imefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye usukani. Chagua mmoja, umtazame magoti. Wimbo wa taratibu ukiisha, ukaingia wa ngoma za haraka, haichukui muda magoti yanaanza kupanda na kushuka kwa mdundo ule mpya. Hajaambiwa na mtu, na ukimuuliza pengine atakubishia. Huko ndiko kuoana kwa mwendo na mdundo: mwili kuupanga mwendo wake unaojirudia uangukie kwenye mapigo unayoyasikia.

Sikio na misuli vina ujirani wa karibu. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka mtu akisikia mdundo hata kama ameketi tu kibarazani. Tena ubongo hausubiri pigo, unaliotea. Ndiyo maana anayegonga kidole kufuata ngoma mara nyingi hulitangulia pigo kidogo sana.

Kwenye baiskeli hesabu ni nyepesi. Pedeli ikizunguka mara moja, miguu imekandamiza mara mbili, kulia na kushoto. Kwa hiyo wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unatoa mizunguko 60, kila mguu na pigo lake. Na baiskeli zetu hizi nyingi hazina gia za kubadili: miguu ikiharakisha, tairi nalo halina budi.

Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres aliandika alichokiona kwenye mashindano ya baiskeli ya siku sita jijini New York. Bendi ikipiga, washindani walikwenda wastani wa maili 19.6 kwa saa, ikinyamaza, 17.9. Mimi sishangai. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na mizigo huku wakiimba, baiskeli hazijafika huku.

Ila muziki hauongezi nguvu. Unasaidia kazi ikiwa nyepesi au ya wastani. Mtu akikaribia mwisho wa uwezo wake, mapaja na pumzi vinapiga kelele kuliko redio. Yule wa madumu akiacha lami na kuingia kwenye mchanga wa mtaani, mwendo unapangwa na mzigo. Anashuka, anasukuma, na redio inaendelea na wimbo wake peke yake.