Paka na maua ya lili: maswali na majibu

Paka wangu hutafuna maua ya sebuleni. Niogope lipi zaidi?

Lili: yale maua makubwa ya kwenye mashada, yenye petali sita na chavua ya kahawia inayochafua nguo. Lili za Lilium na Hemerocallis (majina ya kisayansi ya makundi mawili ya maua haya) huua figo za paka. Hazina sehemu iliyo salama, iwe jani, petali, shina, hata maji ya chombo zilimowekwa. Paka akigusa ua, chavua ikamganda kwenye manyoya, akajilamba, tayari amekula sumu.

Dalili zake?

Ndani ya saa 12 hutapika, hutokwa udenda, hukataa chakula na kujilaza tu. Baadaye kutapika huweza kukoma, mwenye paka akashusha pumzi. Wengi huwapoteza paka wao hapo, kwa sababu figo zinaendelea kuharibika. Kati ya saa 24 na 72 mkojo hupungua, mwishowe hukatika, na kumwokoa huwa kugumu sana.

Nikimkuta analitafuna?

Usingoje dalili. Mfute chavua kwa kitambaa chenye maji, mdomoni, miguuni na kifuani, asijilambe tena. Chukua kipande cha ua au lipige picha, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata usiku. Dawa ya kuivunja sumu hii haipo. Daktari humtapisha kama bado ni mapema, humwekea dripu kwa saa 48 hadi 72 na kupima damu kuangalia figo. Dripu ikichelewa kupita saa 18, matumaini hupungua sana.

Nimpe maziwa, au maji ya chumvi atapike?

Hapana. Maziwa hayaondoi sumu ya lili, na chumvi nyingi nayo ni sumu kwa paka.

Na mani planti?

Hiyo, pamoja na dieffenbachia na monstera, ina fuwele ndogo zenye ncha zinazomchoma ulimi. Atatokwa udenda na kujikuna mdomo. Msuuze kwa maji safi. Akivimba au akipumua kwa shida, mpeleke kwa daktari. Mshubiri humtapisha na kumharisha. Cycas, mmea wa mapambo unaofanana na mtende mfupi, ni hatari kweli: huharibu ini, na mbegu zake ndizo kali kuliko zote. Nyumba yenye paka isiwe nayo.

Nipande nini basi?

Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye asili ya milima ya Usambara, halimdhuru paka. Ukiletewa shada lenye lili, zitoe zote nje ya nyumba. Kukata vichwa vya chavua peke yake hakutoshi.