Je, wajua? Kwa nini futiboli ya Kimarekani inaruhusu mpira kurushwa mbele?

Mpenzi wa raga anajua kwamba mpira ukirushwa mbele, refa anapuliza filimbi. Futiboli ya Kimarekani ilitokana na raga hiyohiyo, na kwa miaka mingi ilishika katazo lilelile. Leo pasi ya mbele ndiyo roho ya mchezo. Imekuwaje?

Chanzo ni vifo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo huu ulitamba zaidi vyuoni, na timu ilipewa majaribio matatu kusogeza mpira yadi 5 tu. Kwa umbali huo ujanja wa nini? Wachezaji walijikusanya wakamsukuma mwenzao mwenye mpira hadi ukuta wa wapinzani ubomoke, na aliyeanguka chini aliangukiwa na wote. Kofia ya kinga alivaa aliyependa. Msimu wa 1905 magazeti yalihesabu vifo 18 hivi, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt, shabiki mkubwa wa mchezo wenyewe, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Chuo cha Columbia hakikusubiri zaidi, kikaifuta timu yake. Ndipo mwaka 1906 zikaja sheria mpya: yadi zikawa 10, ili kusukumana peke yake kusitoshe, na pasi ya mbele ikaruhusiwa.

Iliruhusiwa shingo upande. Msimu huo wa kwanza, pasi ikidondoka bila kuguswa na mtu, mpira ulikwenda kwa wapinzani. Tena mpira wenyewe ulikuwa mnene tumboni kama papai, si rahisi kuushika kwa mkono mmoja. Vyuo vikubwa, vyenye majitu ya kusukuma, havikuona sababu ya kubahatisha.

Sababu waliiona Carlisle. Hiki hakikuwa chuo kikuu bali shule ya bweni huko Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1879 katika kambi ya zamani ya jeshi. Serikali iliwaleta hapo watoto wa mataifa asilia ya Marekani, wakakatwa nywele na kukatazwa lugha za mama zao. Timu yao ilikuwa na vijana wepesi, na mechi zao kubwa karibu zote zilichezwa ugenini. Kusukumana na Harvard kungewavunja. Kukimbia na kurusha, hapo hapakuwa na wa kuwafundisha.

Mwaka 1907 kocha Pop Warner alirejea Carlisle na kuijenga timu juu ya sheria hiyo mpya. Oktoba 26, mjini Philadelphia, waliivaa timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Pete Hauser wa Carlisle aliachia pasi ndefu, mpira ukizunguka hewani badala ya kubingirika ovyo, na ukamfikia mwenzake akiwa mbio. Wenyeji walilala 26 kwa 6. Wiki iliyofuata Princeton waliwafunga 16 kwa 0 uwanja ukiwa umelowa, na mpira wa ngozi ukilowa haushikiki. Kisha Carlisle wakaishinda Harvard 23 kwa 15, kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Mechi ninayoipenda mimi ni ile dhidi ya Chuo Kikuu cha Chicago. Kocha wa huko, Amos Alonzo Stagg, aliagiza wapokeaji wa Carlisle wazuiwe na kuangushwa kila wanapochomoka. Basi Albert Exendine akatoka nje ya mstari, akazunguka nyuma ya benchi la Chicago, akarudi uwanjani mbele kabisa, peke yake. Hauser alikuwa akimsubiri kwa mpira mkononi. Carlisle 18, Chicago 4. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 10 na kufungwa moja, na kati ya wachezaji wapya wa kikosi hicho alikuwamo kijana aitwaye Jim Thorpe, atakayetwaa dhahabu mbili za Olimpiki mwaka 1912.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sifa ya kuieneza pasi ya mbele ilipewa Notre Dame, walioishinda timu ya jeshi 35 kwa 13 mwaka 1913. Ilikuwa kazi nzuri, lakini Carlisle walikuwa wamewatangulia kwa miaka sita. Notre Dame ipo hadi leo, ina wahitimu na magazeti ya kuisemea. Carlisle ilifungwa mwaka 1918.