Kabla ya dripu, kinyama kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisubiri mlangoni mwa maabara, bahasha ya picha za CT kwapani. Mama yake ana saratani ya mapafu, nayo imeshasambaa. Ndugu walioko nje wamechangishana fedha za "ile dawa ya kuamsha kinga", na majibu ya PD-L1, protini ambayo saratani huitumia kujikinga, tayari yalikuwa mkononi: seli 60% za saratani zilikuwa nayo. Aliuliza kama wanaweza kuanza dripu ya dawa hiyo huku wakisubiri majibu ya jeni.

Nilimsihi wasubiri, na nikampigia simu daktari wa mama yake, ambaye naye alikuwa na msimamo huohuo. Mimi ni mpatholojia, siandiki dawa, ila swali hili linanifikia mara kwa mara na jibu lake limelala kwenye hadubini yangu.

Hiyo 60% naipata hivi. Kinyama cha uvimbe kilichotolewa kwa sindano, chembamba kama uzi, hukaa kwenye fomalini, maji ya kukihifadhi, kisha hugandishwa ndani ya kibonge cha nta. Tunakata tabaka jembamba la mikroni 4, tunalipaka rangi, halafu nakaa kuhesabu. Seli ya saratani yenye PD-L1 huonekana imezungushiwa ukingo wa kahawia. Seli za saratani zilizo hai zikiwa chini ya 100, sitoi asilimia.

Chembe nyeupe za kinga zina breki iitwayo PD-1, iliyogunduliwa Japani na Tasuku Honjo na wenzake mwaka 1992. Saratani hujifunika PD-L1 ili kuikanyaga breki hiyo. Dawa kama pembrolizumabu huiziba, na chembe zikarudi kazini. Ni hatua kubwa kweli: katika utafiti mmoja wa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa, wenye PD-L1 ya 50% kwenda juu, takriban 32% ya waliopangiwa kuanza na dawa hiyo walikuwa hai baada ya miaka 5, dhidi ya 16% ya waliopangiwa kuanza na kemotherapi. Lakini wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni za EGFR au ALK, ambazo zikiharibika huisukuma saratani kukua, hawakuingizwa kabisa kwenye utafiti ule. Habari hiyo haifiki kwenye makundi ya WhatsApp.

EGFR ni kipokezi kilichokaa juu ya seli, kazi yake kupokea amri ya kukua. Jeni yake ikiharibika, amri haizimiki tena. Saratani ya namna hii huwapata sana watu wasiovuta sigara, wanawake hasa, na huyu mama hajawahi kuishika. Ina vidonge vyake, na hapo jeni ndiyo inayoamua kila kitu: katika utafiti wa gefitinibu, kimojawapo cha vidonge hivyo, uliofanyika Asia ya Mashariki na kutolewa mwaka 2009, uvimbe ulisinyaa kwa 71% ya wenye mabadiliko hayo, na kwa 1% tu ya wasio nayo.

Sasa mtego wenyewe. Saratani ya EGFR inaweza kuonyesha PD-L1 nyingi, na rangi hutoka siku nyingi kabla ya jeni. Mwaka 2018 watafiti wa Los Angeles walieleza walivyowapa pembrolizumabu wagonjwa wa EGFR ambao hawajaonja vidonge. Walikusudia wagonjwa 25, wakasimama kwenye 11, ingawa wengi wao walikuwa na PD-L1 ya 50% au zaidi. Mmoja tu ndiye uvimbe wake ulisinyaa, na kinyama chake kilipopimwa upya ikaonekana hakuwa na mabadiliko ya EGFR: majibu ya kwanza yalikosewa. Huwa namfikiria mgonjwa huyo kila ninapotia saini.

Wala haiishii kwenye fedha kupotea. Dawa ya kinga hubaki mwilini kwa miezi. Mgonjwa akihamia kwenye osimertinibu, kidonge kizuri kuliko gefitinibu, mapafu yanaweza kuvimba vibaya. New York, mwaka 2019, waliripoti wagonjwa 41 waliotanguliza dripu kisha kidonge: 6 walipata madhara makali ya kinga. Kati ya 29 waliotanguliza kidonge, hakuna hata mmoja. Dawa ni zilezile, kilichogeuka ni mpangilio.

Kilichomchelewesha mama huyu hasa kinaniuma. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi 6 kwenye kituo kimoja, makohozi yake hayajawahi kuonyesha vimelea hata mara moja. Kisha kinyama cha kwanza kikalala kwenye fomalini karibu wiki 2. Saa 6 hadi 72 zinatosha. Zaidi ya hapo DNA inakatikakatika, na mashine ya jeni haisomi kitu. Ikabidi achomwe sindano tena. Kwa hiyo mgonjwa wako akitolewa kinyama, uliza siku hiyohiyo kinapelekwa wapi na lini, na uandike namba ya kibonge chake.

Majibu yametoka jana jioni: ana mabadiliko ya EGFR, kwenye kipande cha jeni kiitwacho eksoni ya 19. Kijana alipokea simu kabla haijaita mara ya pili. Mama anaanza vidonge Jumatatu.