Vishimo kwenye ngozi: vinatokana na nini, vinatibiwa wapi na nani

Malalamiko yanayotufikia kuhusu huduma ya "kujaza mashimo usoni" yanaongezeka, na mengi yanafanana. Mtu ana makovu ya chunusi, anakwenda saluni, anachomwa sindano au anapitishiwa kifaa chenye vijisindano, kisha uso unavimba, unakuwa na madoa meusi au unabonyea kuliko mwanzo. Wengi hawakuwahi kuulizwa kishimo chao kilitokana na nini.

Ngozi hubonyea pale kinachoibeba kinapopungua: kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ya tabaka la ndani, au mafuta yaliyo chini yake. Chunusi kubwa, majipu na tetekuwanga iliyokunwa huharibu kolajeni. Mafuta hupungua kwa sababu nyingine. Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio), hasa triamsinoloni, inayochomwa kwenye keloidi (kovu lililovimba na kukua) au makalioni kwa ajili ya mzio, dawa yake ikibaki juu juu huweza kuacha bonde na baka jeupe wiki au miezi kadhaa baadaye. Mara nyingi bonde hilo hujaa lenyewe, japo huweza kuchukua mwaka au zaidi. Asiyejua hukimbilia kujazwa. Wapo pia waliotumia stavudini, dawa ya zamani ya VVU ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Baadhi yao mashavu yaliingia ndani na hayajarudi.

Bonde lililotokea bila jeraha, linalopanuka au lenye ngozi ngumu, si suala la urembo. Linaweza kuwa lupasi au skleroderma, magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na daktari bingwa wa ngozi huenda akahitaji kuchukua kinyama kidogo kwa kipimo. Vishimo vya mapajani na makalioni ambavyo wanawake wengi huwa navyo baada ya kubalehe si ugonjwa.

Makovu ya chunusi hutibiwa kwa kufuata umbo lake. Tundu jembamba lenye kina, upana chini ya milimita 2, hutiwa tone la asidi kali iitwayo TCA kwa ncha ya kijiti, au hukatwa na kushonwa. Bonde pana lisilo na kingo mara nyingi limevutwa chini na nyuzi za kovu, hivyo daktari hupitisha sindano chini ya ngozi na kuzikata nyuzi hizo. Vijisindano na leza huichochea ngozi itengeneze kolajeni mpya, kazi ya miezi 3 hadi 6, kwa hiyo anayekuahidi uso laini wiki ijayo hasemi kweli. Vijazio, yaani vitu vinavyochomwa kwa sindano kujaza bonde, vikiwa vya asidi ya hayaluroniki huyeyuka, vingi ndani ya miezi 6 hadi 18. Kovu hupungua, halifutiki lote. Ngozi nyeusi hubaki na madoa kirahisi baada ya kuchubuliwa, na mwenye keloidi aseme kabla hajaguswa.

Tumelisema mara nyingi na tunalirudia: mkorogo haujazi kishimo. Steroidi iliyomo huikondesha ngozi, na ngozi iliyokonda huzidi kubonyea.

Hatari ya sindano mikononi mwa asiyesomea ni kubwa. Kijazio kikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi huweza kufa na jicho kupofuka. Maumivu makali, ngozi kugeuka nyeupe au macho kuona giza: nenda hospitali saa hiyohiyo. Ipo dawa ya kuyeyusha asidi ya hayaluroniki, lakini haiyeyushi kijazio cha silikoni. Marekani, katika jimbo la New Mexico, wanawake waliambukizwa VVU kwenye saluni isiyo na leseni iliyotumia vijisindano pamoja na damu ya mteja mwenyewe. Saluni hiyo ilifungwa mwaka 2018.

Sasa utaratibu, kwa Tanzania Bara. Daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe na leseni hai. Cheti cha mafunzo ya siku mbili kilichotundikwa ukutani si leseni. Kituo binafsi cha tiba kinatakiwa kiwe kimesajiliwa. Leseni ya biashara ya saluni haitoshi kuchoma mtu sindano. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), wakati vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo lalamiko la krimu lisipelekwe TMDA kisha mtu akasema serikali haimsikilizi. Kutoa tiba bila usajili ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalam wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.

Omba boksi lifunguliwe mbele yako. Soma jina la bidhaa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, kisha piga picha. Dai risiti. Ukipata madhara, tibiwa kwanza, na umwombe mtoa huduma wa kituo chochote cha afya akujazie taarifa ya madhara. Unaweza pia kuipeleka mwenyewe ofisi ya kanda ya TMDA. Bila jina la bidhaa na namba ya toleo, mkaguzi hujikuta mbele ya mwenye saluni anayekana kila kitu, kabati likiwa limeshasafishwa.