Kuokoka, kuokolewa, na fidia ya Mkunazini

Juzi kijana mmoja anayesomea kutembeza watalii alikuja pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa mazoezi, tukakaa kivulini nje ya kanisa, mara akaniuliza, "Mwalimu, weye umeokoka?" Sasa mie kazi yangu ni kufundisha dini kanisani, watoto wa kipaimara na watu wazima, na swali hili naulizwa mara nyingi, na Wakristo na Waislamu, ila kila anayeuliza anakuwa na lake kichwani. Wengi wakisikia kuokoka wanafikiria walokole, wale wa mikesha na spika kubwa, kama vile ni jina la dhehebu. Si hivo. Neno mlokole limetokea Uganda, kwenye uamsho wa miaka ya 1930 uliowasha moto Rwanda na Uganda, na ulianzia humo humo ndani ya Anglikana, kwa hiyo Waanglikana wenzangu mnaowacheka hao jamaa mjue mnacheka ndugu zenu. Naandika hapa kueleza tu Wakristo wanamaanisha nini, simwiti mtu kwenye dini yangu.

Tuanze na lugha maana Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Ukisema "nimeokoka" hujasema nani kakuokoa, ni kama kusema kikombe kimevunjika, mvunjaji hayumo. Lakini mtume Paulo akiwaandikia Waefeso, Biblia yetu inasema "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", na mtu akiokolewa lazima awepo aliyemuokoa. Kwa Mkristo huyo ni Yesu, na hata jina lenyewe kwa Kiebrania lina maana ya kwamba Mungu anaokoa. Anaokoa na nini? Na dhambi, na dhambi si orodha ya makosa tu, ni hali ya mtu kuwa mikononi mwa kitu kinachomtawala na kujitoa mwenyewe hawezi.

Yesu mwenyewe kwenye Marko 10:45 anasema kaja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Fidia! Hapa kwetu neno hilo si la kwenye vitabu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Lakini kufunga soko si kufuta utumwa, watu waliendelea kuwa watumwa majumbani na mashambani, hapa Unguja na kule Pemba kwenye mikarafuu, mpaka ikaja amri ya 1897. Na amri ile ilikuwa ya ajabu kidogo, haikumwachia mtu huru hivi hivi, ilibidi mtumwa aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake, na mwenye mtumwa akalipwa fidia na serikali.

Mie nikifundisha imani naupenda mfano huu kuliko mwengine wowote. Uhuru upo, bei keshalipa mwengine, lakini yupo mtu alobaki shambani kwa bwana wake kwa sababu hakusadiki habari ile au kaogopa, na yupo aloamini akainuka akaenda. Kule kwenda si ndo kulikomlipia fidia, fidia haikutoka mfukoni mwake hata senti. Imani ya Kikristo iko hivo, haimnunui Mungu, inapokea. Mfano una mwisho wake lakini: mwaka 1897 alolipwa ni bwana wa watumwa, sasa msalabani kalipwa nani? Mababa wa kanisa, yaani walimu wake wa karne za mwanzo, walivutana sana hapo, Origen alisema shetani, Gregory wa Nazianzus akakataa katakata, mwizi halipwi fidia. Mie niko na Gregory.

Halafu imani yenyewe. Kusadiki tu kwamba Mungu yupo hakutoshi, Yakobo anasema mashetani nao wanaamini na wanatetemeka. Imani na amana ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Unakwenda bandarini Malindi na bahasha ya pesa ya mama yuko Wete, unampa abiria wa boti ya Pemba ambaye labda humjui vizuri, ukishaiachia mkononi mwake basi hiyo ndo imani, kabla ya hapo ilikuwa maneno. Mkristo anachokabidhi ni nafsi yake.

Na matendo mema je, yanamuokoa mtu? Ugomvi wa zamani huo, Martin Luther, yule mtawa wa Ujerumani walikotokea Walutheri, alianza 1517 na Wakatoliki wakamjibu kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, karne nne na ushee watu hawaelewani, mpaka 31 Oktoba 1999 kule Augsburg Wakatoliki na Walutheri wakatia saini tamko la pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake, na matendo mema yanafuata kama matunda. Tofauti zimebaki, sisemi zimekwisha, ila ule msingi wamekubaliana.

Kitu kimoja watu wanakiruka: Paulo analitumia neno hili kwa nyakati zote. Waefeso wameambiwa mmeokolewa, limekwisha. Wakorintho wanaambiwa "sisi tunaookolewa", kazi inaendelea, mtu bado anatengenezwa, ndo maana utamuona Mkristo wa miaka ishirini bado ana hasira za kijinga. Na Warumi 5 inasema tutaokolewa, yaani siku ya hukumu, bado haijafika.

Basi yule kijana nikamjibu, "Nimeokolewa, naokolewa, na ntaokolewa." Akacheka, akasema mwalimu nimekuuliza dini weye unanipa sarufi kama niko skuli. Nikamwambia kamlaumu Paulo.