Kipunji si nyani, ila ana bibi nyani

Ukiingia msitu wa Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, utamsikia kabla hujamwona: mlio mzito, kama kubweka, kutoka juu mitini. Ndiye kipunji, aina ya kima. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo wakati wataalamu bado wanajiuliza kama yupo kweli. Wataalamu walimthibitisha 2003, na mwaka uliofuata timu nyingine ikamkuta Ndundulu, kule Udzungwa upande wa Iringa.

Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi kwa kutazama picha tu, akawekwa na mangabe, kima wengine wa misitu ya Afrika: mkia mrefu, kope nyeusi, makazi ya mitini. Kisha dume mchanga akafia kwenye mtego wa mkulima, shambani kwa mahindi, na kwa mara ya kwanza tukapata fuvu na nyama ya kupima. Vinasaba vikamtoa kwa mangabe na kumsogeza jirani na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus.

Baadaye mambo yakanoga. Vinasaba vingi hukaa kwenye kiini cha seli, navyo hutoka kwa baba na mama. Vichache viko kwenye mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, ambayo mtoto hurithi kwa mama peke yake, kama jina la ukoo ambalo baba hana ruhusa ya kulitoa. Kiini cha kipunji kinasema: mimi ni jamaa wa nyani, lakini si nyani. Mitokondria ya kipunji wa Rungwe inafanana mno na ya nyani wa manjano, hawa hawa wanaotuibia mahindi. Maelezo yanayoniingia akilini ni haya: zamani nyani jike alizaa na dume la kipunji, mabinti wakaolewa ukipunjini kizazi baada ya kizazi, damu ya nyani ikachujuka, mitokondria ikabaki. Kipunji wa Ndundulu alipopimwa, 2010, hakukutwa na mitokondria hiyo ya nyani. Kwa hiyo mchanganyiko ulitokea upande wa Rungwe.

Ndiyo maana sipendi mchoro wa mageuko wenye matawi yanayoachana moja kwa moja. Binadamu nasi tumepita humo humo. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana takribani asilimia 2 ya vinasaba vya Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, kwenye kiini, lakini mitokondria ya Neanderthal haijaonekana kwa mtu yeyote aliye hai. Kwao ni kinyume cha kipunji: urithi wa kiini umebaki, wa mitokondria umepotea.